Waliposema Nifunge

Wewe mwenye kusinzia katikati ya kazi muchana, na ikifika usiku macho inakuwa wazi sawa ya bundi, na watu wa nyumba wanasema uko na uvivu ao uko na pepo: nakuandikia wewe. Naitwa Feza. Niko Kabambare, natengeneza matelefone. Hakuna mutu alinifundisha. Nilivunja telefone ya mama nikiwa mutoto wa miaka kumi na tatu, nikaifungua juu ya kuogopa fimbo, nikairudisha, ikaita. Tangu siku ile sikuacha. Kusoma pia nilijifundisha vile vile, na karatasi za kufungia sukari. Basi kama naandika vibaya, utavumilia.

Sitakueleza vile maladi, ugonjwa ya usingizi, inaingia ndani ya damu. Wamunganga wa lopitali wanajua. Mimi najua mabenchi tu. Najua benchi ya lopitali ya Kasongo, ile yenye mguu moja mufupi, ukikaa vibaya inakutupa juu ya mugonjwa mwenzako.

Ilianza wakati wa kiangazi, wakati watu wanachoma mashamba. Kichwa inauma, mwili inawasha, homa inakuja na kwenda. Nilijinunulia dawa ya malaria. Nikanywa, nikamaliza, nikanunua tena. Mara tatu. Mimi ni mutu wa kujitengeneza, nilifikiri mwili ni telefone. Nyuma ya shingo kulitoka vitu vigumu viwili, sawa ya karanga. Sikumuonyesha mutu.

Halafu kukaja usingizi. Nilikuwa nashika kile chuma cha moto cha kuchomelea, kichwa inaanguka, chuma inaanguka juu ya mukono. Alama iko mupaka leo. Na kasirani! Tangu utoto mimi niko na kasirani, kila mutu Kabambare anajua. Ndiyo iliniponza. Nilipomutupia mama chungu ya sombe, majani ya muhogo, juu ya vile aliniita mara mbili, mutu hakusema «Feza anaugua.» Walisema «Feza ni yeye yule, ameongeza tu.» Damu yangu ya mwezi ikakatika, miezi mine. Wamama wa kisima wakaanza kuniangalia tumbo. Moja akaniuliza, «Dada, baba yake ni nani?» Nikamumwangia maji yake yote.

Nilikuwa naimba ndani ya korali ya kanisa. Pembeni yangu kila siku alikuwa yaya Bitondo, muke wa Musafiri. Si yaya, dada mukubwa, wa tumbo moja. Lakini baba alipokufa, ni yeye alikuja kulala kwetu wiki tatu, akipika, akifua, bila kuitwa. Mutu wa namna ile ukimupata haumuachilie. Na shamba yake iko pembeni na ya kwetu, kule ngambo ya Luama, kwenye ile inzi kubwa, mbungo, inauma mutu juu ya nguo. Tulikuwa tunaumwa pamoja, tukicheka.

Siku ya Mungu moja, katikati ya wimbo ya kuabudu, nililala nikiwa nimesimama. Bitondo akanigusa na kiwiko. Nikageuka, nikamupiga kofi. Bitondo! Kanisa yote ikageuka kutuangalia. Na yeye, unajua alifanya nini? Alicheka kidogo, akasema pole pole, «Feza, hata mimi nasinzia. Usiseme.»

Pasta alituita wote wawili na watu wetu. Huyu pasta si mutu mubaya, niseme kweli. Kama angekuwa mwizi, ningemuchukia vizuri, nipumzike. Alitupenda. Alisema hii ni roho ya usingizi, inataka kuua korali, inaanza na wenye sauti. Akasema:

«Hawa wawili watafunga siku saba kwenye chumba ya maombi.»

Mama akasema amina. Musafiri akasema amina. Na mimi nikasema amina. Kufunga nakujua, tangu utoto tunafunga: unaacha kula, unaomba, jioni unakunywa uji. Nani atakataa kufunga?

Siku ya kwanza ilikuwa kufunga ya kweli. Siku ya pili pia. Siku ya tatu kichwa yangu ikawaka moto. Wale wa maombezi walikuwa wananishika mabega na kupiga kelele ndani ya masikio, «Toka! Toka!» Nikauma mumoja mukono. Sijifichi, nilimuuma mupaka damu. Wakaleta kamba ya nailoni, ile ya kufungia magunia juu ya pikipiki. Mikono, miguu, halafu kwenye nguzo.

Mama alikuja na uji jioni. Nilimusikia kwenye mulango.

«Pasta, ulisema mutoto yangu atafunga.»

«Mama, amefunga. Na sasa amefungwa. Kufunga iko namna mingi. Ili Mungu afungue, lazima kwanza sisi tufunge.»

Nilingoja aseme neno. Nilingoja mama yangu, mwenye kugombana na wachuuzi wote wa soko juu ya samaki moja, aseme neno moja tu. Nilisikia sahani ikiwekwa chini, na miguu yake ikienda.

Nitakuambia vile nilikuwa mule ndani, juu wewe mwenye kusoma labda uko mule sasa. Sikuona malaika. Nilikuwa nasikia watu wakiimba nje kwamba Mungu anavunja minyororo, na mimi niko na kamba. Walikuwa wanamusifu Mungu juu ya kufunguliwa kwangu, na hakuna mutu alifungua. Nilimuambia Mungu maneno ya aibu. Nilimuambia, kama hii ndiyo mikono yako, basi uikate. Nilijikojolea. Nililala, nikaamka, nikalala, sikujua tena kama ni asubuhi ao jioni. Wakati ingine nilisahau jina yangu, nikangoja mutu alitaje.

Bitondo hawakumufunga juu alikuwa mutulivu. Yeye maladi haikumupa kasirani, ilimupa usingizi tu, usingizi ya mutu mwema. Mvua ya kwanza ilianza ile wiki, bati ilikuwa inavuja kwenye kona. Alikuwa anatambaa, analowesha kitenge yake pale, anakuja kukamulia maji ndani ya kinywa yangu. Halafu analala njiani akirudi, katikati ya chumba, kichwa juu ya simenti. Siku moja aliniuliza, «Feza, tukitoka hapa tutaimba nini?» Nikasema, «Tutatukana kwanza.» Akacheka mupaka akasinzia akicheka.

Kumbe mama, tangu jioni ile ya uji, alikuwa amepigia simu wifi yake. Huyu ni shangazi yangu Mwayuma, dada ya baba, anakaa Kasongo. Shangazi ni mwislamu. Baba peke yake aliingia kanisa juu ya mama, na wifi hawa wawili hawajawahi kupatana hata juu ya chumvi ya muchuzi. Shangazi alinihadizia baadaye vile walisema.

«Wifi, Feza yuko katika kufunga.»

«Kufunga ya nini? Ramadhani ilipita.»

«Wamemufunga wifi. Na kamba.»

Shangazi akauliza, anasinzia? Anakasirika? Iko na kitu nyuma ya shingo? Jirani yake wa Kasongo alilala vile, akatibiwa, sasa anauza mukate. Alitafuta piki siku nzima, akapanda asubuhi ya siku ya tano. Siku mbili za njia, mwanamuke wa miaka makumi sita, na mugongo yake mubaya.

Aliingia Kabambare siku ya sita, jua ikiwa inazama. Alikuja moja kwa moja na vumbi yake yote, kitambaa ya kichwa imekuwa rangi ya udongo. Mama alikuwa nyuma yake, anakimbia kimbia. Nilisikia sauti ile na nilifikiri ni ndoto.

«Nani mukubwa hapa?»

«Mimi, mama,» pasta akasema. «Karibu. Lakini hapa ni mahali patakatifu, tuko katika kufunga.»

«Muzuri. Na sisi tunafunga. Sisi tukifunga, jua ikizama tunafungua. Nyinyi munafungua saa ngapi?»

Pasta akainua Biblia yake.

«Nakuuliza, muchungaji. Saa ngapi? Juu jua ile imezama.»

«Mama, vita ya roho haina saa...»

«Basi hiyo haiko kufunga. Wifi, leta kisu.»

Na mama yangu, ile mama mwenye kunyamaza, alitoa ndani ya kitenge yake kisu ya kukatia sombe. Alikuwa amekuja nayo! Alikuwa anaibeba tangu asubuhi na hakukuwa na ujasiri. Shangazi akasema bismillahi, akakata. Mama akasema kwa jina la Yesu. Wote wawili kwa mara moja, juu ya kamba moja. Watu wa maombezi walisimama tu. Nani atagusa bibi ya watu?

Nilikataa kutoka. Nilishika mukono ya Bitondo, nikasema naenda naye ao siende. Wakamuita Musafiri. Alikuja, akamuangalia muke yake amelala chini, akatuangalia sisi.

«Muke yangu hayuko kwa kamba,» akasema. «Yuko kwa Mungu. Amebakisha siku moja. Amalize.»

«Shemeji, atakufa!»

«Feza, wewe ulipiga muke yangu kofi mbele ya kanisa. Usinifundishe.»

Nilimutukana matusi ile siwezi kuandika. Bitondo akafungua macho, akasema, «Enda. Utaniletea dawa.» Kama mutu anakutuma chumvi. Shangazi akanivuta. Miguu yangu haikuwa na nguvu ya kubisha.

Kasongo walinitoboa kidole, halafu wakanipapasa shingo, halafu wakanikunja sawa ya mutoto ndani ya tumbo na kunitoboa mugongo, kuangalia maji. Munganga alirudi bila kucheka. Alisema wadudu wamefika kwenye kichwa. Nikauliza, «Iko dawa?» Akasema iko. Nikalia. Sikulia juu ya furaha. Nililia juu dawa ilikuwa pale, ndani ya kabati ya mbao, wakati wote ule nilikuwa kwenye nguzo.

Siku zile nazihesabu na chupa za seromu, dawa ya maji ya kuingia mushipa. Chupa mbili kila siku, siku saba, na vidonge siku kumi. Chupa ya tatu nilitapika mupaka ile yenye sikukula. Chupa ya tano mikono ilianza kutetemeka. Chupa ya tisa nililala usiku mara ya kwanza, na asubuhi nikaamka asubuhi, unasikia? Asubuhi ikawa asubuhi. Shangazi, mwenye kulala kwenye mukeka pembeni ya kitanda, alikuwa anafagia, ananichokoza: «Binti ya kaka yangu, koroma yako inafukuza panya.» Mugonjwa wa pembeni, muchimbaji dhahabu wa Salamabila, alikuwa ananipa matelefone ya watu wa chumba nitengeneze. Mikono ilikuwa inaangusha visikuruu, vile vya kukaza telefone. Alikuwa anaviokota bila kusema kitu. Ile ndiyo huruma ndogo nilipata, na sitaisahau.

Kila siku nilimutumia Musafiri ujumbe ya sauti. «Shemeji, muambie Bitondo niko chupa ya sita.» «Shemeji, dawa iko, munganga anasema amulete.» Nilimuomba, nilimutukana, nilimuomba tena. Nilikuwa naona ndani ya telefone kama alisikiliza. Alisikiliza yote. Hakujibu.

Siku ya kidonge ya mwisho, mama alipiga simu. Hakusema salamu. Alisema, «Feza, kaa chini.» Nilikuwa nimekaa tayari, kwenye ile benchi ya mguu mufupi. Nikasimama.

Bitondo alikuwa amelala tu. Walimurudisha nyumbani baada ya ile siku ya saba, wakasema amefunguliwa juu hapigi kelele. Alilala wiki zile zote, wakimulisha uji na kijiko, mupaka uji ikarudi nje. Walimuzika mbele ya muchana juu mvua ilikuwa inakuja.

Nilirudi Kabambare na mwili ya mutu mungine. Mafuta ya uso yameisha, mikono inatetemeka, sauti ya juu imepotea, naimba chini sawa ya mwanaume. Mama alinipokea, akaniosha miguu bila kusema. Hatujasema mupaka leo juu ya ile jioni ya uji. Siku moja tutasema. Ao hapana.

Pasta alikuja kunisalimia. Alilia juu ya Bitondo, machozi ya kweli. Halafu akaomba nitoe ushuhuda siku ya Mungu. Nikasema ndiyo. Mama akaniangalia kwa woga.

Kanisa ilijaa. Pasta akasema ndani ya mikro, «Wapendwa, mwaona dada yetu Feza! Alifungwa na adui, na hapa, ndani ya chumba hii ya maombi, Mungu akamufungua!» Wakapiga vigelegele. Akanipa mikro.

Nilikuwa nimepanga maneno mingi. Mimi, mwenye kusema! Ilitoka moja tu.

«Mungu alinifungua,» nikasema. «Nyinyi mulinifunga. Musichanganye.»

Mutu wa masini ya sauti akazima mikro. Nikaendelea bila mikro. Nilisema namusifu Mungu. Nilisema alinisikia hata nilipomutukana, na alituma mwislamu juu ya piki, na aliweka dawa ndani ya kabati ya mbao, na ile yote ni mukono yake, na namushukuru mupaka nife. Nilisema na uzima wa yaya Bitondo ulikuwa ndani ya kabati ile ile, dawa yake ilikuwa pale, na hatukumupeleka. Nikasema, «Mutu akisinzia, mumulete kwangu. Nitamupeleka.» Hakuna amina. Mama muzee moja nyuma alianza kulia, na ile ndiyo korali nilipata.

Watu wananiuliza juu ya nini sikutoka kanisa ile. Ni kanisa yangu. Nilibatizwa mule, Bitondo aliimbia mule. Kama kuna mutu wa kutoka, si mimi. Chumba ya maombi sasa iko na kufuli. Sijui ni pasta aliiweka ao ni woga.

Musafiri alikuja kwenye meza yangu ya kazi mwezi ya pili ya mvua. Alikuja muchana, akasimama mbele ya wateja. Alikuwa amekonda.

Nikasema bila kuinua kichwa, «Kama ni telefone, peleka kwa wengine.»

«Haiko telefone.»

«Basi enda.»

«Feza,» akasema, «na mimi nasinzia.»

Niliinua macho. Alikuwa ameshika meza, na macho yake ilikuwa inaanguka pale pale akisema. Nikatamani kumuacha. Nasema kweli mbele ya Mungu yule yule namusifu: nilitamani. Nilimuambia, «Muke yako alisinzia. Ulisema yuko kwa Mungu. Na wewe si uko kwa Mungu?» Alikubali kwa kichwa, sawa ya mutoto, akasema, «Nilisikiliza sauti zako zote. Kila moja.» Halafu akakaa chini kwenye udongo juu hakuweza kusimama.

Nilifunika meza na plastiki. Nikaita mwenye piki.

Kabambare mupaka Kasongo wakati wa mvua ni siku mbili, na piki moja. Mwenye piki mbele, Musafiri katikati, mimi nyuma, mikono yangu yenye kutetemeka imemuzunguka tumbo ili asianguke. Kwenye matope tulikuwa tunashuka, tunasukuma, anasinzia amesimama. Tukipanda, kichwa yake inaanguka mbele, mwili yote inataka kwenda pembeni, na mimi navuta. Mwenye piki akapiga kelele, «Dada, musemeshe! Akilala tutaanguka wote!»

Nilikosa kitu ya kumusemesha. Kila neno nilikuwa nayo kwake ilikuwa tusi. Basi nikaimba. Nilimuimbia Mungu sifa ndani ya sikio ya ule mwanaume, na sauti yangu hii ya chini yenye imebaki, nalia, nimekasirika, wimbo kisha wimbo, na kila alipoanza kuniponyoka nilimubana na kuimba kwa nguvu zaidi, mupaka Kasongo.